Mwalimu, nimeacha baiskeli napiga bajaji, presha imepanda. Nikimbie au nisikimbie?

BARUA

Shikamoo Mwalimu, pole na majukumu. Mi ni baba wa miaka 44, nakaa Ng'ambo hapahapa Tabora mjini, mke mmoja watoto wanne. Mwaka 2009 nilianza kubeba abiria kwa baiskeli, we mwenyewe mtu wa Tabora hiyo kazi unaijua, Phoenix yangu na kiti cha sponji nyuma, stesheni, sokoni, Kitete, Isevya, unakanyaga mpaka jua linazama, na mwezi wa kumi lile jua letu linakuchoma utosi na bado abiria anakwambia ongeza mwendo nawahi treni. Miaka yote ile sikuwahi kuzidi kilo 63 na sikujua hospitali inafananaje, labda malaria tu.

2019 tajiri mmoja akaniamini akanipa bajaji kwa hesabu. Kiukweli maisha yamebadilika, nimeezeka nyumba, mtoto wa kwanza yuko sekondari, namshukuru Mungu. Ila na mwili nao umebadilika. Sasa hivi nina kilo 84, nakaa kwenye kiti toka saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku, chakula ni chipsi mayai palepale kijiweni na soda, kahawa, nashuka kwenda kukojoa tu. Hata asubuhi kwenda kuchukua bajaji kwa tajiri, kama kilomita 4 kutoka kwangu, napanda bodaboda buku, na usiku kurudi buku nyingine.

Mwezi wa nne kichwa kikawa kinagonga huku kisogoni, nikaenda kupima, 162 kwa 98. Nikaambiwa nirudi siku nyingine mbili, zote ikawa juu. Dokta akaniandikia vidonge vya mwezi mmoja akasema na mazoezi ufanye, basi. Mazoezi gani, kiasi gani, hakusema na mi nikaona aibu kuuliza maana foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu.

Nikanunua raba za mtumba nikajiunga na vijana wa jogingi Jumamosi asubuhi. Wale wanakimbia huku wanaimba mchakamchaka. Hatujafika kilomita moja na nusu kifua kikabana kama mtu kanifunga kamba, pumzi hamna, macho yakaona giza, nikakaa chini ya mwembe. Kama dakika kumi ikaachia. Vijana wakasema mzee umechoka, wakaendelea. Hili sijamwambia mtu, hata mke wangu hajui.

Sasa kinachonitisha, mwaka jana jirani yetu, baba wa miaka 50 na kitu, alianguka akiwa kwenye mazoezi hivihivi na hakuamka. Mama mkwe aliposikia na mimi nimenunua raba alilia, akasema mazoezi ya ukubwani yanaua. Mke wangu yeye anasema rudi kwenye baiskeli yako, ipo stoo inakula vumbi. Mwalimu, mi nikionekana kijiweni na baiskeli watasema bajaji kanyang'anywa, kafilisika, na maneno ya kijiweni unayajua.

Na niwe mkweli, vidonge nilikunywa wiki tatu nikajisikia poa nikaacha, maana nasikia ukivianza huachi mpaka unakufa.

Nisaidie Mwalimu. Nikimbie au nisikimbie?

Baba wa wanne, Ng'ambo

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na ahsante kwa kuniamini na jambo ambalo hata mkeo hujamwambia. Leo usiku mwambie. Sio kesho, leo, maana mtu wa kwanza kukuona ukianguka atakuwa yeye, na inabidi ajue akukimbize wapi na aseme nini akifika.

Kabla ya kuongea habari ya kukimbia naanza na kile kifua chako chini ya mwembe. Kifua kinachobana ukiwa unatumia nguvu halafu kinaachia ukipumzika, kwa mtu wa miaka 44 mwenye presha ya 162, hiyo haiitwi kuchoka. Inaweza kuwa mishipa inayopeleka damu kwenye moyo wenyewe imepungua upana, moyo ukihitaji damu nyingi haipati ya kutosha, ndo unabana. Inaweza pia isiwe hivyo, mi sio dokta na siwezi kukupima kwa barua. Ila wiki hii hii unaenda hospitali, unamwambia dokta maneno yaleyale uliyoniandikia, nilikuwa nakimbia, kikabana kama kamba, giza, dakika kumi, kikaachia. Usimwambie "nasikia uchovu". Omba wakufanyie kipimo cha ECG, kile cha kubandikwa waya kifuani na mikononi, hakiumi kabisa, na uulize kama unahitaji kipimo kingine. Na kama kifua kikibana ukiwa umekaa tu, au kibane kisiachie, au maumivu yaende mkono wa kushoto au taya, au jasho la baridi likutoke, hapo husubiri wiki wala asubuhi, unaondoka palepale. Na bajaji usiendeshe mwenyewe.

La pili ni vidonge. Hapa mdogo wangu nitaongea kwa uchungu kidogo. Mimi nina kaka yangu, alisema maneno yako hayohayo, najisikia poa, ukivianza huachi. Akaacha. Miezi kadhaa mbele akaamka asubuhi mkono wa kulia hauinuki na mdomo umeenda pembeni. Yupo hai, tunashukuru, lakini mpaka leo shati lake anafungwa vifungo na mkewe, kimoja kimoja, na yeye anaangalia pembeni wakati anafungwa. Presha haipigi kelele, kujisikia poa hakumaanishi imeshuka, na kama ilishuka basi ni vidonge ndo viliishusha. Sio kwamba vidonge vinakufunga, ugonjwa ndo upo siku zote, vyenyewe vinaushikilia tu. Kuna watu wakipungua uzito na wakafanya mazoezi vizuri dokta anawapunguzia dozi, lakini anayepunguza ni dokta akiwa ameshika kipimo mkononi. Mwambie dokta ukweli kwamba uliacha, hatakufukuza.

Haya, sasa tuje kwenye swali lako, na nianze na kitu kilichonigusa sana kwenye barua yako, ile habari ya baiskeli na bajaji. Unajua hiyo hadithi yako ndo ileile iliyoanzisha utafiti wote wa mazoezi na moyo duniani? Uingereza, baada ya vita kuu ya pili, kulikuwa na daktari anaitwa Jerry Morris. Alikuwa anajiuliza kwanini watu wengi ghafla wanapata mshtuko wa moyo. Akaenda kuangalia wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa, wanaume kama 31,000 wa miaka 35 mpaka 64. Kwenye basi moja kuna dereva na kuna konda. Mshahara hawapishani sana, mtaa mmoja, chakula kilekile, basi lilelile. Tofauti ni kwamba dereva anakaa siku nzima, na konda anapanda na kushuka ngazi za ghorofa kukata tiketi, mamia ya ngazi kila siku. Majibu yakatoka 1953, makonda walikuwa wanapata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na wakiupata unawapata wakiwa na umri mkubwa zaidi na hauwaui haraka kama madereva. Wakaangalia na watu wa posta, wanaotembeza barua kwa miguu na baiskeli walikuwa salama kuliko makarani wa kukaa ofisini.

Watu wakambishia wakasema labda waliochagua udereva walikuwa wanene toka mwanzo. Na ni hoja nzuri. Morris na wenzake wakafanya kitu ambacho mimi mpaka leo nakipenda, wakaenda kwenye rekodi za sare, wakaangalia saizi za viuno vya suruali za wafanyakazi! Wakakuta kweli madereva suruali zao pana kuliko za makonda, hata vijana, kwahiyo wabishi walikuwa na haki kidogo. Lakini walipolinganisha mwembamba kwa mwembamba na mnene kwa mnene, konda bado alikuwa na nafuu. Yaani hata konda mwenye kitambi moyo wake ulikuwa unafaidika na zile ngazi.

Sasa jiangalie wewe. Wewe umekuwa konda miaka kumi halafu ukawa dereva. Baiskeli ilikuwa inakulinda na hukujua, na hakuna aliyekuambia, wewe ulikuwa unatafuta ugali wa watoto tu. Hujafanya kosa kuchukua bajaji, nyumba imeezekwa, hongera sana. Ila ule ulinzi ulibaki stoo pamoja na Phoenix yako.

Kuhusu jirani yenu, poleni sana, na mwambie mama mkwe shikamoo yangu, kilio chake nakielewa na hakukosea kuogopa. Ila tuweke sawa kinachotokea. Kuna utafiti wa Marekani wa 1993, Mittleman na wenzake waliwahoji watu 1,228 waliopata shambulio la moyo, wakawauliza saa moja kabla ulikuwa unafanya nini, na kwa kawaida unafanya mazoezi mara ngapi kwa wiki. Wakakuta mtu ambaye hafanyi mazoezi kabisa akijitupa ghafla kwenye kazi nzito au mbio, hatari ya moyo ndani ya saa ile inapanda zaidi ya mara 100 ukilinganisha na akiwa ametulia. Anayefanya mara tano au zaidi kwa wiki inapanda kama mara 2 na nusu tu. Usishtuke na hiyo 100, hatari ya saa moja yenyewe ni ndogo sana, kidogo sana ukizidisha bado ni kidogo, ndo maana wengi wanakimbia na hawafi. Lakini ona wapi ubaya ulipo, ubaya upo kwenye kutoka kitini moja kwa moja mpaka mbio. Jumamosi moja kwa wiki na vijana, siku sita umekaa. Sijui jirani yenu alikuwa na nini moyoni mwake kwahiyo simsemei, ila wewe Jumamosi ile ndo ulifanya hivyohivyo.

Na kitu kingine kuhusu wale vijana. Wao walikuwa wanaimba. Mtu anayeweza kuimba akiwa anakimbia maana yake mwendo ule kwake ni mwepesi. We hukuweza hata kuitikia. Hicho kipimo hakihitaji mashine, wataalam wa mazoezi wanakitumia kabisa, ukiwa kwenye mwendo wa wastani unaweza kuongea sentensi nzima ila kuimba inakushinda, ukiona hata kuongea kunakatika umezidisha, punguza. Kwahiyo jibu langu ni usikimbie. Sio kwamba usikimbie maisha yako yote, ila sasa hivi usikimbie, na wala hauhitaji.

Unachohitaji ni hiki. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2020 wanasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, kutembea kwa haraka, baiskeli, jembe, chochote kile, na siku mbili za kazi ya misuli. Hawajasema lazima raba wala kikundi. Sasa piga hesabu na mimi. Kwa tajiri ni kilomita 4, Tabora yetu ni tambarare, kwa baiskeli bila abiria ni dakika kama 20 taratibu. Kwenda 20, kurudi 20, siku sita, hizo ni dakika 240. Umemaliza! Na buku mbili za bodaboda kila siku zinabaki mfukoni, elfu 12 kwa wiki, hizo zinanunua hata mashine ya kupimia presha nyumbani baada ya muda, na ntakuambia uinunue.

Baiskeli inalala kwa tajiri mchana kutwa pale bajaji ilipolala usiku. Kijiweni unafika na bajaji yako kama siku zote, kwahiyo hayo maneno ya kufilisika hayana pa kuanzia. Ila mdogo wangu hata wakikuona, waone. Hapa ni kwa Wanyamwezi, babu zetu walitoka huku na pembe za ndovu begani wakatembea mpaka Bagamoyo kwa miguu na dunia nzima ikawajua kwa hiyo kazi. Leo mtu aonewe aibu kwa kukanyaga kilomita 4? Mi nilifundisha michezo shuleni miaka mingi na ninakwambia aibu imewatoa watu wengi kwenye afya kuliko uvivu, hasa wanaume, hasa wakishapata hela kidogo. Inaniuma.

Anza dokta akishakuruhusu, sio kabla. Wiki mbili za kwanza endesha upande mmoja tu, asubuhi kuna ubaridi, kurudi panda boda kama zamani na baiskeli iache hukohuko kwa tajiri, kesho yake asubuhi tembea kidogo halafu boda, jioni rudi nayo. Yaani unakanyaga mara moja kwa siku. Mwili ukizoea unaunganisha. Dakika tano za mwanzo kanyaga kama unampeleka bibi mzee hospitali, na za mwisho hivyohivyo, usisimame ghafla. Kifua kikianza kubana shuka, simama, na siku hiyohiyo urudi kwa dokta.

Halafu kuna zoezi moja nataka ulijue. 2023 walikusanya tafiti 270 zenye watu zaidi ya 15,000 wakalinganisha mazoezi ya kila aina yanashusha presha kiasi gani. Kutembea, kukimbia na baiskeli vilishusha ile namba ya juu kama 4 na nusu kwa wastani, lakini kilichoongoza ni mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea, kama 8, na hasa lile la kuegemea ukuta. Unasimama mgongo umegusa ukuta, miguu umeipeleka mbele hatua moja hivi, unateleza chini taratibu mpaka unakuwa kama umekaa kwenye kiti ambacho hakipo, halafu unabaki hapo. Mapaja yatawaka moto, yatatetemeka, ndo yanatakiwa. Walikuwa wanafanya dakika 2, wanapumzika kama dakika 2, mara nne, siku tatu kwa wiki. Wewe anza kwa sekunde 20 au 30 na usishuke sana chini, na pumua muda wote, ukibana pumzi presha inaruka juu palepale. Na hili pia muulize dokta kwanza, presha ikiwa bado 160 na kitu usilifanye, subiri ishuke na vidonge. Fanya na watoto wako jioni ukutani hapo nyumbani, utaona nani anashinda.

Kuhusu kitambi sitaki nikudanganye. Baiskeli peke yake haitakutolea kilo 20. Hapa kwetu Tanzania, ukivuka Singida kwenda Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe, wale wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, na watafiti wakina Herman Pontzer walienda kuwapima wanatumia nguvu kiasi gani kwa siku. Wanaume wao walikuwa wanatembea kama kilomita 11 kila siku. Majibu yakatoka 2012 na yalishangaza watu, ukizingatia ukubwa wa miili, nguvu wanayoichoma kwa siku nzima ni sawasawa tu na Mmarekani anayekaa ofisini! Mwili una ujanja wake wa kubana matumizi sehemu nyingine. Lakini wapime presha na mafuta kwenye damu, Wahadzabe wapo vizuri sana, mioyo safi. Kwahiyo mazoezi ni ya moyo na mishipa, kilo zinatoka kwenye sahani. Zile chipsi mayai na soda za kijiweni ndo kitambi chako. Mkeo akufungie ugali kidogo na maharage au nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa) ya karanga, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) mfukoni kwa njaa ya saa kumi, maji badala ya soda. Na chumvi, yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyopo kwenye mkate na ile unayomwagia chipsi bila kuionja kwanza.

Wahadzabe haohao wamepimwa pia muda wa kupumzika, ni karibu masaa 10 kwa siku, sio machache kabisa. Ila wanachuchumaa, wanapiga magoti, misuli ya miguu inabaki inafanya kazi kidogo. Wewe ukisubiri abiria toka kwenye kiti. Simama, futa kioo, zunguka bajaji, chuchumaa na wenzio mkipiga stori. Kahawa inyweke umesimama.

Siku ya kupima presha kaa kimya dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, usiwe umetoka kunywa kahawa au kubishana na trafiki. Andika namba kwenye daftari na tarehe, na hilo daftari uende nalo kila kliniki, dokta mwenye foleni ndefu akiona daftari anaongea na wewe tofauti.

Na foleni ikiwa ndefu nyuma yako, uliza tu. Andika maswali kwenye karatasi nyumbani, msomee. Ukishatoka hospitali, pitia kwa fundi baiskeli akakaze breki na abadilishe tairi la nyuma, miaka yote hiyo stoo litakuwa limepasuka. Niandikie ECG imesema nini.